Hakuulizwa Kabla ya Kuamshwa

Wasikilizaji, nazungumza nanyi mlio Bunagana penyewe, upande huu wa Kongo, mlio Chengerero na Jomba, na jirani zetu wa Kisoro ng'ambo ya kizuizi, maana mawimbi ya redio hayaombi karatasi mpakani. Leo naomba tuweke kando habari za barabara na bei ya maharagwe, tuzungumze sinema. Sinema ya mapenzi, tena mapenzi ya huko juu kati ya nyota. Lakini nitakaa zaidi kwenye tangazo la sinema hiyo kuliko kwenye sinema yenyewe, kwa sababu tangazo lile lilifanya jambo ambalo naliona ni baya, na sisi tunaoishi hapa tuna sababu zetu za kulitazama kwa makini.

Filamu inaitwa Passengers. Ilitoka Desemba 2016, ikaongozwa na Morten Tyldum, mtu wa Norway, na waigizaji wakuu ni Jennifer Lawrence na Chris Pratt, ambao mwaka ule hakuna wengi waliowazidi kwa umaarufu duniani. Trela yake wengi mliiona, kwenye simu kama si kwenye televisheni. Chombo kikubwa kinasafiri angani, watu wote wamo kwenye usingizi mzito, na wawili wanazinduka kabla ya wakati. Mwanaume na mwanamke. Wanakula pamoja, wanacheka, wanatoka nje ya chombo kutazama nyota, wanapendana. Kisha mitambo inaanza kuharibika, na bango linatuambia kuna sababu waliamka. Ukitazama hayo unajiambia: hapa pana siri, labda kompyuta ya chombo imewaamsha ili waokoe wenzao. Mapenzi na fumbo. Nani asingetaka kuona?

Sasa nawaeleza filamu yenyewe, na nitaieleza yote, kwa sababu siwezi kulalamika juu ya kilichofichwa huku na mimi nakificha.

Chombo kinaitwa Avalon. Kimebeba abiria 5,000 na wafanyakazi 258, na safari yao ya kwenda sayari mpya ni ya miaka 120. Wote wamelala kwenye vitanda vya vioo ambamo mwili hauzeeki. Hitilafu inatokea, kitanda kimoja kinafunguka, na fundi makanika aitwaye Jim anaamka. Safari imebakiza miaka 90. Hana namna ya kujirudisha usingizini. Atazeeka na kufa ndani ya chombo kile kabla hakijafika. Anaishi peke yake zaidi ya mwaka mzima, na wa kuzungumza naye ni mashine tu yenye umbo la mtu, Arthur, inayouza vinywaji baa. Ndevu zinamjaa, anafikia hatua ya kutaka kujiua. Ndipo anamwona mwanamke amelala kwenye kitanda chake, Aurora, mwandishi. Anasoma maandishi yake, anatazama mahojiano yake, anampenda mtu ambaye hajawahi kusikia hata jina lake yeye Jim. Anajizuia siku nyingi. Anajua akimwamsha amemnyang'anya maisha yote, sayari aliyokuwa akienda, miaka yake, kila kitu. Kisha anamwamsha.

Na akishamwamsha anamdanganya. Anamwambia ni hitilafu, kama iliyompata yeye. Aurora analia, anatafuta njia ya kurudi kulala, anaikosa, anazoea, na mwishowe anampenda huyo mwenzake katika bahati mbaya. Anampenda bila kujua kwamba bahati mbaya yake ndiyo huyo aliyekaa naye mezani. Siku anapopata ukweli, na anaupata kutoka kwa ile mashine ya baa, anakimbia akitetemeka.

Hiyo ndiyo hadithi. Trela haikuonyesha hata chembe ya kuamshwa huko wala ya uongo wa Jim. Bango lilisema waliamka, wawili kwa pamoja, ilhali mmoja aliamka na mwingine aliamshwa. Nataka niwe wa haki kwa walioitengeneza filamu: filamu yenyewe haifichi. Ukishakaa kitini, kabla filamu haijafika katikati, unaona kwa macho yako Jim akifungua kile kitanda. Mwongozaji hakutudanganya, tulidanganywa na waliokuwa wakikusanya viingilio.

Wala hawawezi kusema hawakujua. Hadithi hii iliandikwa na Jon Spaihts, na tayari mwaka 2007 ilikuwa kwenye orodha mashuhuri ya Hollywood ya hadithi nzuri ambazo bado hazijapigwa filamu, ile wanayoiita Black List. Miaka tisa hadithi hiyo ilikuwa ikijulikana kwa watu wa filamu, na swali lililokuwa ndani yake ni hili: huyu bwana anamwamsha mwanamke bila kumwuliza, je, tutamsamehe? Kwa hiyo walioketi mwaka 2016 kukata dakika mbili za trela walilijua swali hilo, wakaamua kwamba mtazamaji asilione mpaka ameshalipa. Filamu iligharimu kama dola milioni 110 na ikaingiza zaidi ya milioni 300 duniani kote. Kuficha kulilipa.

Hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu ndipo lilipo jambo langu. Jim alipata upendo wa Aurora kwa kumficha kile ambacho angekijua asingempa. Na tangazo lilipata pesa ya mtazamaji kwa kumficha kitu hicho hicho. Ni tendo moja limefanywa mara mbili, mara ya kwanza ndani ya hadithi na mara ya pili mlangoni mwa ukumbi. Mtazamaji alisema ndiyo kwa kitu kimoja akapewa kingine, kama Aurora. Na ndiyo iliyotolewa gizani, mimi siihesabu kuwa ndiyo.

Kuna wasikilizaji watakaosema, mtangazaji, matangazo yote yanadanganya, hata sabuni haiwi nyeupe kama ilivyo kwenye picha. Ni kweli biashara ya sinema ina historia ndefu ya uongo, na mwingine ni wa kushangaza. Kampuni ya Sony, hiyo hiyo iliyosambaza Passengers, mwaka 2000 na 2001 iliweka kwenye mabango yake sifa za mhakiki aitwaye David Manning, wa gazeti la mji mdogo wa Connecticut. Gazeti lilikuwepo. Mhakiki hakuwepo, alitungwa ofisini. Jarida la Newsweek lilipolifichua jambo hilo Juni 2001, kampuni ikaingia aibu, ikalilipa jimbo la Connecticut dola 326,000, na baadaye ikakubali kuwarudishia watazamaji dola tano kila mmoja. Mwaka 2011 mwanamke mmoja wa Michigan alikwenda mahakamani kwa sababu trela ya filamu Drive ilimwahidi mbio za magari akakuta magari yanakimbia kidogo tu.

Na kuna kesi ya Yesterday, filamu ya mapenzi ya mwaka 2019 ambamo karibu dunia nzima inasahau nyimbo za kundi la The Beatles, lakini kijana mmoja anazikumbuka. Kwenye trela alionekana mwigizaji Ana de Armas. Kwenye filamu hayumo, walimkata, kwa sababu watazamaji wa majaribio hawakupenda kuona kijana akimtamani mwanamke wa pili. Mashabiki wake wawili, kila mmoja alikuwa amelipa dola 3.99 kuikodi, wakaishtaki kampuni ya filamu ya Universal. Kampuni ikajitetea kwamba trela ni sanaa, na sanaa ina uhuru wake. Desemba 2022 jaji wa shirikisho huko California, Stephen Wilson, akasema hapana, trela ni tangazo la biashara, na sheria ya matangazo ya uongo inaweza kuigusa. Kesi yenyewe haikuwafikisha mbali wale mashabiki. Lakini mimi neno la jaji nalielewa hivi: trela ni ahadi ya muuzaji kwa mnunuzi.

Lakini hata huyo jaji aliweka mpaka. Alisema mahakama itaangalia mambo kama mwigizaji yumo au hayumo, tukio limo au halimo. Kwa kipimo hicho Passengers ingeshinda kesi asubuhi. Walioonekana kwenye trela yake wamo ndani ya filamu. Kucheka kumo, nyota zimo, busu limo. Wamekuonyesha ukweli vipande vipande na kuondoa kipande kimoja kinachobadilisha maana ya vyote. Uongo wa namna hiyo hauna mahakama.

Turudi nyumbani. Wengi wetu hatukuziona filamu hizi kwenye ukumbi wenye viti vya kitambaa. Tumeziona kwenye chumba cha video, kuta za mbao, shitingi nyeusi imetundikwa madirishani ili mwanga usiingie, mabenchi yasiyo na mgongo, jenereta inaunguruma nyuma kiasi kwamba televisheni inapandishwa sauti mpaka maneno yanapasuka. Nje, ubao umeegeshwa ukutani umeandikwa kwa chaki: saa nane ya vita, saa kumi ya mapenzi, usiku mpira. Chini ya hapo jina la filamu, mara nyingi limekosewa herufi. Na pembeni jalada la diski limebandikwa, na jalada hilo limepigwa picha ya picha ya picha, mpaka uso wa mwigizaji umekuwa na rangi ya udongo. Diski nyingi zilitufikia kwa barabara ya Kampala, Kabale, Kisoro, zikavuka hapa Bunagana pamoja na sabuni na mafuta ya kupikia, na nyingine zilikuwa na filamu nane au kumi ndani yake. Jalada likionyesha helikopta na mwanamke mwenye bunduki, helikopta inaweza kuwa ya filamu ya tatu, mwanamke wa filamu ya saba, na bunduki haimo popote. Siku hizi flashi na kadi za simu zimechukua nafasi ya diski, lakini jalada bado linatembea, sasa ni picha ndogo kwenye kioo cha simu.

Tulikasirika? Tulipiga kelele, banatudanganya! na tukakaa tukatazama hadi mwisho. Uongo huo haukunitia uchungu sana. Ukiahidiwa helikopta ukapewa farasi, umepoteza franga zako na saa mbili, na labda umepata farasi mzuri.

Na ndani ya chumba kile tulikuwa na mtu ambaye Hollywood haina: mtafsiri. Waganda wanamwita VJ, na sauti kama ya VJ Jingo ilijulikana kuliko sauti za waigizaji wenyewe. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. Wasomi wengine huwalaumu watu hawa kwamba wanaharibu filamu, wanaongeza utani, wanawapa wahusika majina ya mitaa ya kwetu. Mimi nawatetea kwa moyo wote. Mtafsiri anabadilisha filamu, ndiyo, lakini anaibadilisha mbele yako, kwa sauti yake, na wewe unajua ni yeye. Hajifichi nyuma ya bango. Isitoshe anakusemesha. Mhusika akitaka kufanya ujinga, mtafsiri anamkemea kabla hajaufanya. Mwovu akiingia, anakuonya: huyu usimwamini, huyu ana neno. Hebu fikirini mtafsiri mzuri akifika pale Jim amesimama mbele ya kile kitanda cha kioo, mkono uko kwenye nyaya. Angenyamaza? Asingenyamaza. Angesema, wewe bwana, huyo ni binti wa watu, umewauliza wazazi wake? umemwuliza mwenyewe? Na kina mama waliokaa mabenchi ya nyuma wangeitikia. Chumba kizima kingelijua tendo lile ni nini kabla muziki wa mapenzi haujaanza kulipamba.

Ni hapo ninapotenganisha uongo wa helikopta na uongo wa mapenzi. Vijana wetu wengi, na nasema hili bila kuwalaumu, wamejifunza namna ya kumfuata msichana kutoka kwenye filamu zaidi ya walivyojifunza kwa wajomba na shangazi. Vita vimetawanya familia. Shangazi wa kumkalisha binti na kumwambia mwanaume wa namna hii mkimbie, yuko kambini, au yuko Kampala, au hayupo. Filamu ya mapenzi imekaa kwenye kiti cha shangazi. Basi filamu hiyo ikitangazwa kuwa mapenzi matamu, na ndani yake mwanaume anaamua peke yake kwamba maisha ya mwanamke sasa ni yake, kisha anaficha, kisha anasamehewa kwa sababu alikuwa mpweke na kwa sababu baadaye alifanya ushujaa, kijana anayeitazama ameambiwa nini? Ameambiwa upweke wako ni sababu tosha. Mchukue kwanza, atakuja kukupenda.

Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa tendo hilo ni nini. Hapa wasichana wamechukuliwa njiani wakienda shambani, wakapelekwa porini, wakaitwa wake wa watu ambao hawakuwachagua. Daktari Denis Mukwege wa Panzi, Bukavu, alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 kwa kazi ya kuwatibu wanawake waliotendewa ukatili katika vita vyetu. Sisemi Jim wa sinema ni sawa na mtu mwenye bunduki. Hakuwa na bunduki, alikuwa na huzuni, na filamu inaichora huzuni yake kwa ustadi, nimemhurumia mimi mwenyewe. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo ndiyo ya mwanamke imekanyagwa kiasi hiki, kuficha kwenye tangazo sehemu inayohusu ndiyo yake ni kosa zito kuliko kuahidi helikopta isiyokuwepo.

Filamu yenyewe ilikuwa na nafasi ya kulisema hilo. Kuna mhusika mmoja, Gus, mmoja wa maofisa wa chombo, anayechezwa na Laurence Fishburne. Anaamka baadaye, anauona ukweli, na anamwambia Aurora kitu kama hiki: mtu anayezama humvuta mwenzake, si haki, lakini anazama. Maneno mazuri. Yangeweza kuwa ndiyo trela yote. Mwaka 2017 Mmarekani mmoja, Evan Puschak, anayetengeneza video za uchambuzi kwa jina la Nerdwriter, alionyesha kwamba ukiipanga upya filamu hiyo, ukaianza pale Aurora anapoamka, ukamwona Jim kama yeye anavyomwona, mgeni mwenye tabasamu na macho ya mtu anayeficha kitu, inakuwa filamu ya kutisha. Picha ni zile zile. Ukiwa na Jim tangu mwanzo, unamwonea huruma. Ukiamka na Aurora, unamwogopa. Nadhani waliotengeneza tangazo waliliona hilo, ndiyo sababu wakakimbilia kutupa wote wawili kwa pamoja, bega kwa bega, tusimwulize yeyote.

Sasa nataka niwaambie juu ya filamu nyingine ya mapenzi na sayansi ya kubuni, na hii inatoka hapa hapa kwenye milima yetu. Inaitwa Neptune Frost. Iliongozwa na mke na mume, Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda, na Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani. Hadithi imewekwa Burundi, picha zilipigwa Rwanda, na ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes Julai 2021. Ndani yake wanasema na kuimba Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakihama kutoka lugha moja kwenda nyingine katika sentensi moja kama tunavyofanya sokoni Bunagana siku ya soko. Mchimba madini ya coltan aitwaye Matalusa anaona ndugu yake akiuawa mgodini na msimamizi. Anakimbia. Anafika kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta, ambako vijana wanaingilia mitandao ya dunia. Huko anakutana na Neptune, mtoro mwingine, mtu aliyezaliwa na jinsia mbili, anayechezwa kwanza na mwigizaji wa kiume, Elvis Ngabo, kisha na wa kike, Cheryl Isheja. Mapenzi yao yanawasha nguvu inayotikisa mitambo ya nchi za mbali.

Mavazi na kijiji vilibuniwa na msanii wa Rwanda, Cedric Mizero, na naomba anayeweza kuipata filamu hii atazame mavazi hayo kwa karibu: koti limefunikwa vibonyezo vya kompyuta, nyaya za rangi zimesukwa kichwani kama nywele, na uso umepakwa rangi inayong'aa usiku. Vitu tunavyovitupa, vilivyotengenezwa kwa madini yaliyotoka ardhini kwetu, vimerudi kuvaliwa na watoto wa wachimbaji.

Ilianza kuonyeshwa kumbi za Marekani tarehe 3 Juni 2022. Siku kumi baadaye, tarehe 13 Juni, Bunagana iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na maelfu ya watu wetu wakavuka na magodoro vichwani kwenda Kisoro, wengi wakapokelewa kituo cha Nyakabande. Nazitaja tarehe hizi pamoja kwa sababu najua kuna wanaosikiliza sasa ambao walikuwa kwenye ile barabara. Wakati ule ule, ng'ambo ya bahari, watu walikuwa gizani kwenye viti wakitazama hadithi ya vijana waliokimbia kwa sababu ya madini. Na Mkongomani ana haki ya kuuliza kwa nini hadithi ya coltan imewekwa Burundi na kupigwa picha Rwanda, wakati migodi ya Rubaya iko Masisi na jasho lake linajulikana dunia nzima. Nimelifikiria swali hilo sana, na bado naona filamu ile ni yetu pia.

Ilivyotangazwa ndipo ninapotaka kufika. Wasambazaji wake, Kino Lorber, walisema wazi kabla hujatoa senti: ni filamu ya muziki, ni sayansi ya kubuni, ni mapenzi kati ya mchimba coltan na mtu mwenye jinsia mbili. Jambo ambalo muuzaji mwoga angelificha, kwa kujua kwamba wengine watakasirika au wataogopa, liliwekwa wazi kwenye maelezo ya filamu. Asiyetaka alibaki nyumbani. Aliyekwenda alikwenda akijua. Haikuingiza hata sehemu ndogo ya fedha za Passengers, na sitawadanganya kwamba ukweli unalipa sawa na uongo kwenye biashara hii. Ni filamu ngumu pia, mashairi mengi, hadithi inapotea na kurudi, kuna atakayesinzia. Lakini waliosinzia hawakulaghaiwa.

Kuna wanaoamini kwamba ulinzi wa mtazamaji ni kazi ya bodi za serikali. Tazameni Kenya. Wanuri Kahiu, mwanamke wa Nairobi aliyetengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya sayansi ya kubuni juu ya dunia iliyokosa maji, alitengeneza baadaye Rafiki, ya mapenzi ya wasichana wawili. Aprili 2018 bodi ya filamu ikaipiga marufuku. Walimtaka abadilishe mwisho, usiwe na matumaini. Akakataa. Filamu ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaifungulia mlango siku saba tu, watu wakajaa kumbi za Nairobi. Kila mwenye maoni yake juu ya mapenzi hayo abaki nayo, sitaki ugomvi huo leo. Ninachokitazama ni kwamba Rafiki haikumficha mtu chochote, na kwa sababu hiyo ikafungiwa. Bodi hutafuta uchi, damu na yale wanayoyaita maadili mabaya. Uongo wa bango hauko kwenye fomu yao.

Basi kazi inabaki kwetu, na hasa kwenu wenye vyumba vya video na ninyi mnaopakia filamu kwenye flashi za watu. Najua jibu lenu la kwanza: nikieleza, nimeharibu utamu. Wasikilizaji, Titanic ilitoka mwaka 1997. Kuna mtu yeyote aliyeingia kuitazama bila kujua kwamba meli itazama? Watu walilipa, wakalia, wakarudi kulipa tena, na Bunagana hadi leo ukiiweka saa kumi benchi linajaa. Bibi zetu walisimulia ngano ya sungura na fisi ileile kila msimu wa mavuno, na watoto waliojua mwisho ndio waliokaa karibu zaidi na moto. Utamu unaoharibika kwa kuambiwa ukweli mmoja mlangoni ulikuwa mdogo tangu mwanzo.

Wala sitaki Passengers isionyeshwe. Nataka ionyeshwe, na wavulana na wasichana waitazame pamoja, kisha taa ikiwaka mtu asimame aulize: wewe ungekuwa Aurora ungefanya nini? Goma wana mazoea ya kukaa na kubishana baada ya filamu. Kituo cha Yole!Africa, alichokianzisha Petna Ndaliko Katondolo, kimelea kizazi kizima cha vijana wenye kamera na maswali. Hakuna kinachozuia chumba cha mbao cha Bunagana kufanya hivyo kwa robo saa kabla jenereta haijazimwa. Mwisho wa filamu Jim anagundua namna ya kumrudisha Aurora usingizini, anampa nafasi, na Aurora anachagua kubaki. Wengine wanaona hapo deni limelipwa. Mimi naona kwamba ni mara ya kwanza katika filamu yote anaulizwa, na anaulizwa akiwa tayari ameshapoteza njia nyingine nyingi. Ningependa sana kusikia wasichana wa miaka kumi na saba wa Jomba wakibishana juu ya hilo na kaka zao.

Kwa hiyo, wenye vyumba, chukueni chaki. Chini ya jina la filamu kuna nafasi ya mstari mmoja. Andikeni: mwanaume mpweke anamwamsha mwanamke bila kumwuliza, kisha anamdanganya, njooni mseme kama mngemsamehe. Kesho yake mkiweka nyingine, andikeni na hiyo ilivyo. Simu zetu ziko wazi hadi saa mbili za usiku, na wa kwanza ningependa awe mama aliyekaa benchi la nyuma.